Haya ya Chuma

Nchi yetu ipo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaobisha, na kwenye ramani mpya tulijifuta wenyewe, kwa amri, ili maadui wasijue pa kutupata. Ni nchi tulivu, ina mito mingi, na ina Wizara ya Mng'aro.

Wizara hiyo ilizaliwa pale Baba Mlezi, kiongozi wetu, aliporudi kutoka ziara ya nje. Huko alilala katika hoteli ambayo milango yake ya lifti ilikuwa ya chuma kilichopakwa nikeli, na kila aliposubiri lifti alijiona mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Aliporudi nyumbani akasimama mbele ya geti la Ikulu, akatazama, hakujiona. Inasemekana hakula siku ile. Kesho yake alitangaza redioni kwamba taifa ambalo kiongozi wake hajioni katika vyuma vyake ni taifa lililolala usingizi.

Tukaamka. Zilipakwa nikeli nguzo za taa, vitanda vya hospitali, majembe ya magereza. Reli ilipopakwa, treni ilianza kupita stesheni bila kusimama, nasi tukaelezwa kwamba hiyo ndiyo kasi ya maendeleo. Abiria waliokuwa wakiteremkia mji mmoja walijikuta mji mwingine, na wengi wao walioa hukohuko.

Mimi ni Mwalimu Chande, nafundisha sayansi katika shule ya msingi ya Shukia. Shukia ni mji wetu, ulio bondeni, chini ya bwawa kubwa kuliko yote nchini. Ukuta wa bwawa ulijengwa na watu wa zamani, waliojenga vitu bila kuvizindua. Katikati ya ukuta kuna lango la chuma, refu kama msikiti wa Ijumaa, linaloinuliwa maji yakizidi. Lango hilo halikushikiliwa na dua. Lilishikiliwa na bolti, kila moja nene kama paja la mtu mzima.

Mtu aliyezijua bolti hizo ni Dakta Sauda Shekivuli. Alizaliwa Shukia, nyumba inayopakana na yangu, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi kuongoza Maabara ya Taifa ya Vyuma. Kazi yake ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza, anatumbukiza chuma katika beseni la maji ya chumvi za madini, anapitisha umeme, na madini yale yanakwenda kushikamana na chuma, tabaka jembamba, laini, linalong'aa. Upande wa pili, anafunga nyaya kwenye chuma kilichomo majini na kusoma kwenye mita jinsi kutu inavyokila, na kwa kasi gani. Wizara iliupenda sana upande wa kwanza. Upande wa pili iliuvumilia, kama watu wanavyomvumilia mkwe.

Mama yake, Bi Kidawa, hakuhama Shukia. Alikuwa na miguu mibovu na ulimi mzima. Kila jioni aliketi barazani akiwaambia wapita njia kwamba mwanawe ndiye anayemng'arishia Baba Mlezi.

*

Ulipokaribia mwaka wa jubilei, Waziri wa Mng'aro, Mheshimiwa Gwandumi, aliamua kwamba zawadi ya taifa kwa Baba Mlezi itakuwa lango la Shukia. Lipakwe lote, mpaka bolti. Dakta Sauda aliitwa ofisini kwake kupokea pongezi kabla ya kazi, kwa kuwa Wizara ilikuwa na desturi ya kupongeza mapema, ikihofia baadaye hakutakuwa na nafasi.

Yaliyosemwa humo niliyasikia kwa Dakta mwenyewe. Alikubali lango lipakwe. Akaomba bolti ziachwe.

"Mheshimiwa," alisema, "umeme unapoleta nikeli juu ya chuma, huleta na gesi. Chuma laini hakijali. Lakini bolti hizi ni za chuma kigumu sana, na chuma kigumu kikiinywa ile gesi, ndani kinakuwa kama biskuti. Kwa macho kinang'aa. Ukikibebesha mzigo, kinakatika bila kutoa onyo."

Waziri aliuliza kama hakuna dawa. Dakta akasema ipo: bolti zikitoka tu kwenye beseni ziingizwe kwenye tanuri, ziokwe kutwa nzima, gesi itoke. Waziri akauliza zikitoka kwenye tanuri zitakuwaje. Dakta, ambaye hakufundishwa kusema uongo katika chuo chochote alichosoma, alijibu kwamba zitafifia kidogo.

Katibu Mkuu aliweka kalamu chini. Waziri alizunguka meza, akamshika Dakta bega kama baba, akamwambia kwa upole kwamba chuma cha serikali hakiokwi kama mkate.

Bolti zilichukuliwa zikiwa bado zinachuruzika maji ya beseni. Malori ya Wizara yalisubiri nje ya maabara, injini zikiunguruma, na askari wakamsaidia Dakta kutoka njiani.

*

Lango liliporudishwa ukutani lilikuwa zuri, sisemi uongo. Asubuhi jua lilipolipiga, Shukia nzima huko chini iliangaziwa, na majogoo waliwika mara mbili. Watu walichanua nywele wakijitazama humo kutoka mbali.

Dakta alifunga nyaya zake kwenye bolti, kama ilivyokuwa kazi yake. Mita ikaanza kusoma. Mahali popote tabaka la nikeli lilipokuwa na kitundu, hata kidogo kuliko ncha ya sindano, kutu iliingia hapo kwa nguvu zake zote, kwa sababu haikuwa na pengine pa kula. Akaenda Wizarani kusema. Wizara iliunda tume. Tume ilikuja na mwenyekiti, makamu, mpiga picha na mpishi, ikakaa Shukia hadi mbuzi wakaadimika, kisha ikatoa matokeo yake kwamba neno kutu limepitwa na wakati. Lilikuwa neno la kikoloni lenye nia ya kuvunja moyo. Kuanzia siku hiyo wekundu unaoonekana juu ya chuma cha umma uitwe haya ya chuma, kwani chuma, kama binti aliyelelewa vizuri, huona haya kinaposifiwa. Nyufa ziliitwa tabasamu.

Nililifundisha somo hilo darasa la nne. Mtoto mmoja aliuliza kama sufuria ya mama yake, iliyotoboka kwa haya, inaweza kurudishiwa ujasiri. Nilimwambia aandike swali lake vizuri kisha alifute.

Ile mita ya Dakta ilikaguliwa na tume hiyohiyo. Mshale wake ulikuwa unaelekea kulia, upande wa hatari, na kulia palikuwa pamekatazwa. Fundi akaufunga kwa uzi wa kushonea ubaki katikati. Mwenyekiti akapigwa picha akiwa ameishika mita kama mtu aliyevua samaki.

Mwezi huo niliwapeleka wanafunzi kulitazama lango, safari ya lazima. Tuliposimama chini yake, nilisikia kitu kinalia ndani ya chuma. Sauti ndogo, kavu, kama ukucha unapokatwa. Kisha kimya. Kisha tena. Watoto waliinua vichwa. Askari wa lango akatuambia kwamba ni sauti ya mng'aro, na kwamba ikizidi tupige makofi. Nilikwenda kumweleza Dakta. Aliacha kula. Aliniomba niigize sauti ile, na nilipoiigiza aliniomba niirudie, na mara ya pili nilimwona akikaza kidole mezani mpaka kikawa cheupe.

Tangu siku ile Dakta Sauda hakuonya tena hadharani. Wizara ilifurahi, ikamsifu kwa kukomaa.

*

Alichofanya ni kuandika hotuba. Aliisoma mbele ya kamati ya jubilei akiwa amevaa nguo ya sherehe, kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alisema mng'aro wa lango la Shukia una kasoro moja tu, nayo ni ya watazamaji. Anayelitazama kutoka bondeni anaona nusu. Uzuri wake wote unaonekana kutoka juu ya kilima cha mashariki, jua likiwa limepanda. Kwa hiyo ingekuwa aibu kubwa mbele ya Baba Mlezi kama mwananchi hata mmoja wa Shukia, mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, angebaki bondeni siku ya uzinduzi na kuuona mng'aro kwa upungufu.

Kamati ilisimama kupiga makofi. Ikatungwa sheria. Kubaki bondeni siku ya jubilei ikawa kosa, na wagonjwa wa zahanati wakapangiwa machela.

Jambo moja tu halikwenda alivyotaka. Waziri Gwandumi alisema wageni wa heshima hawawezi kukaa kilimani na umma. Wao wakae jukwaani, chini kabisa ya lango, waone sura zao. Dakta alipendekeza kwa unyenyekevu kwamba huko chini kuna unyevu. Waziri akamtazama kwa jicho la mtu anayelinda kiti chake, akasema anajua wapo wanaotamani viti vya wenzao. Dakta alijaribu tena, faragha, akamwambia wazi kwamba bolti hazitahimili lango likiinuliwa. Waziri alimwambia mlango uko nyuma yake.

Siku ilipofika tulipanda kilimani alfajiri, mji mzima, na vitanda, na kuku. Mke wangu Sikitu alibeba mashine yake ya kushonea kichwani. Nilimuuliza mtu gani hupeleka cherehani kwenye sherehe. Aliendelea kupanda. Nilitazama wengine na kuona kwamba wengi walikuwa wamebeba vitu visivyo vya sherehe. Dakta hakuwa ameniambia lolote zaidi, wala sidhani alimwambia mtu yeyote. Watu walikuwa wamemwangalia tu usoni.

Alipofika kilimani alizunguka akitafuta mtu. Aliniuliza yuko wapi mama yake. Hapo ndipo nilipokumbuka gari jeusi nililoliona kwa Bi Kidawa alfajiri ile. Wizara, kwa kumheshimu mama mzazi wa mtaalamu, ilikuwa imempa kadi yenye utepe wa kijani. Alikuwa jukwaani, mstari wa mbele, chini ya lango.

Dakta Sauda aliteremka kile kilima mbio, viatu mkononi. Nilimfuata. Bendi ilikuwa tayari inapiga. Baba Mlezi mwenyewe hakuwepo, kwa kuwa huwa hakaribii maji mengi, lakini picha yake ilikuwa imeketishwa kwenye kiti chake na kufunikwa mwavuli. Bi Kidawa aliketi viti vichache kutoka kwa ile picha, katika kanga yake ya harusi, iliyofifia, aliyokuwa akiitunza sandukuni na karafuu. Alimwona mwanawe akatabasamu, akapapasa kiti cha jirani amkaribishe.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

Bi Kidawa aliuliza amchukue ampeleke wapi, naye ameletwa na gari. Waziri alikuwa amegeuza shingo anasikiliza. Wanausalama wawili walisogea. Kama Dakta angesema la kweli, wangemzuia hapohapo, yeye na mama yake.

"Kanga hiyo ni kuukuu," alisema, kwa sauti ya kusikika na mstari mzima. "Unaniaibisha mbele ya watu wakubwa. Inuka."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Mke wa Katibu Mkuu alicheka nyuma ya upepeo wake wa mkono. Waziri alitikisa kichwa kwa kuelewa, kwani hata yeye ana mama, na alimwacha kijijini kwa sababu hizohizo. Aliwaashiria wanausalama wapishe njia.

Bi Kidawa aliinuka. Nilimshika mkono mmoja, Dakta akamshika wa pili, lakini ule wa pili aliung'oa. Tulipanda kilima vile, mimi nikimbeba karibu mzima mzima, yeye akilia bila sauti, na Dakta akija nyuma yetu akituhimiza twende upesi, twende upesi. Hakumwomba radhi. Nadhani aliogopa kwamba akianza kusema, miguu ya mama yake itasimama.

*

Huko chini Waziri Gwandumi alihutubia. Alisema lango hili ni kioo cha taifa. Alisema maadui walitabiri haya, nasi tumewaonyesha haya. Kisha akabonyeza kitufe ili lango liinuke kidogo na maji yatoke kwa adabu.

Lango liliinuka. Tulisikia milio ile kavu hadi kilimani, mmoja, mwingine, halafu mingi pamoja. Umati, uliofundishwa, ukaanza kupiga makofi. Bolti ya juu ilikatika, na lango lote, na sura zote zilizokuwamo, likainama mbele taratibu kama mtu anayesujudu.

Bendi haikunyamaza mara moja. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko maji. Tarumbeta moja iliendelea kidogo.

Shukia ilikwenda yote, na nyumba yangu, na shule, na zahanati. Waliokufa ni wale waliokuwa na kadi, na wapigaji wa bendi, ambao hawakuwa na kadi, walikuwa na amri tu. Kilimani hapakuwa na kilio cha haraka. Watu waliketi chini. Bi Kidawa alitazama mahali jukwaa lilipokuwa, akatazama kanga yake, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akimtafuta mwanawe.

Redio ilitangaza jioni kwamba lango la Shukia limefunguka kwa kasi ambayo haijawahi kufikiwa na taifa lolote jirani.

*

Lakini kwa kuwa Waziri alikufa, ilibidi mtu awe na kosa. Dakta Sauda alishtakiwa kwa kujua kabla ya wakati. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba serikali yenyewe haikujua, kwa hiyo raia aliyejua aliipita serikali, na kuipita serikali ni uhaini. Ushahidi wake ulikuwa sisi. Kwa nini mji mzima uko hai, kama haukuambiwa?

Tuliitwa mmoja mmoja. Hatukupanga la kusema, naapa. Kila mtu alisimama, akasema alikwenda kilimani kwa kumpenda Baba Mlezi na kutaka kuuona mng'aro wake bila upungufu. Sikitu alisema alibeba cherehani ili nayo ione. Mwendesha mashtaka alitokwa jasho, kwa sababu hakuweza kuuita upendo huo uongo bila kuvuliwa joho.

Mwisho akaitwa Bi Kidawa. Aliulizwa mwanawe alimwambia nini alipomtoa jukwaani.

"Aliniambia kanga yangu inamtia aibu," alisema. "Mbele ya watu wote. Nilimchukia, mheshimiwa jaji. Nilipanda kile kilima namchukia."

Jaji akauliza kama bado anamchukia.

"Nimechoka kusimama," alijibu Bi Kidawa. "Naomba nirudi naye nyumbani."

Hawakuwa na nyumba, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Mahakama haikupata kosa, na Baba Mlezi, kwa huruma yake, alitoa zawadi badala ya adhabu. Lango jipya lingejengwa palepale, na safari hii lingepakwa dhahabu. Shukia mpya ingejengwa chini yake, nasi tungeteremshwa kilimani tukaishi humo, maana mji uliokimbia ni aibu kwa taifa. Nyumba ya kwanza, iliyo karibu kabisa na lango, angepewa Dakta Sauda na mama yake wakae siku zote. Atakuwa dhamana, alisema Waziri mpya. Wananchi wakimwona hapo, watalala. Kuhusu kupima, maabara ilifungwa, mita zote zikakusanywa na kuyeyushwa, na anayeonekana na waya karibu na chuma cha umma anafungwa.

Tuliteremshwa. Bolti mpya zilipita mbele yetu kwenye malori, zimelowa, zikichuruzika maji ya rangi ya asali. Dakta alisimama mlangoni kwake akazitazama zikipita, kisha akaingia ndani.

Wizara ilisema kweli, tulimwona na tukalala. Ila ilisahau kwamba sisi nasi ni watu wa kuangalia. Dakta hakuwa na mita wala waya wa umeme. Alikuwa na masikio, na ukuta wa nyumba yake uligusana na ukuta wa bwawa. Nasi tulikuwa na Dakta. Alipopanda mchicha, mtaa wote ulipanda mchicha. Aliponunua gunia zima la mkaa, harusi zilitangazwa. Darasani nilipanga madawati yaelekee dirisha lake, na mkaguzi wa elimu alipouliza sababu nilimwambia watoto wapate mwanga. Hatukuzungumza naye juu ya lango, wala yeye nasi. Alitusalimia, akauliza watoto wanaendeleaje, akapita. Lakini niliona kwamba anajua anatazamwa, na alitembea wima, hata siku alizokuwa mgonjwa.

Wiki iliyopita hakununua mkaa wa gunia. Alinunua wa kopo. Sokoni watu walipunguza sauti, na muuza samaki akaanza kuuza kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia.

Leo asubuhi, watoto wakiwa wanaandika, niliona kalamu zikisimama. Dakta Sauda alikuwa ametoka. Amejitwisha godoro, mkono mmoja umemshika mama yake. Bi Kidawa alikuwa amevaa ile kanga yake ya zamani. Askari wa kizuizi aliwauliza wanakwenda wapi, na Dakta akasema mama anaumwa, anampeleka hospitali. Hakuharakisha. Hakutazama nyuma. Alipopita dirishani kwetu alinigeukia kidogo tu, akanipa salamu ya kawaida ya asubuhi.

Niliwaambia watoto tunakwenda kujifunza mimea, juu kilimani, wawili wawili, bila kelele. Walikwenda bila kelele. Barabarani milango ilikuwa inafunguka. Sikitu alikuwa amekwisha kutoka na cherehani kichwani.

Mimi nilibaki nyuma kidogo kufunga nyumba. Nilitia ufunguo, nikauzungusha nusu. Kisha nikautoa, nikauacha mlango wazi, nikawafuata.